Maswali ya Wasomaji: Nani Hushika Kalamu ya Mwisho Katiba Inapopelekwa kwa Wananchi?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja: namna katiba ya nchi inavyopitishwa, na hasa zile kura mbili za Kenya za mwaka 2005 na 2010, ambazo wasomaji wetu wa pande zote za mpaka bado wanazijadili kana kwamba masanduku yalifungwa jana. Tumechagua barua sita, tumezifupisha bila kubadili maana, na hatukuchapisha majina ya waandishi. Neno moja kabla hatujaanza. Baadhi ya wasomaji wameandika “kura ya maoni” na wengine “kura ya maamuzi”. Jina la kwanza ndilo lililozoeleka na ndilo linalotumiwa na sheria za Tanzania, nasi tutalitumia, ingawa jina la pili, ambalo limeshika kasi Kenya, linaeleza vizuri zaidi kinachotendeka, kwa sababu mtu anayetumbukiza karatasi ya namna hiyo hatoi maoni ya kusikilizwa na kuwekwa kando, bali anakata shauri.

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari huku Taita. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza kwa nini Wakenya walikataa katiba mpya mwaka 2005, kisha wakaikubali miaka mitano baadaye. Mmoja alisema huenda wananchi hawakuwa wameielewa mara ya kwanza. Sikuridhika na jibu hilo, lakini sikuwa na lililo bora zaidi.

Jibu: Ulikuwa na haki ya kutoridhika, Mwalimu. Hati iliyokataliwa mwaka 2005 haikuwa ile iliyokubaliwa mwaka 2010, na, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, haikuwa hata ile ambayo wajumbe waliokusanywa kuiandika walikuwa wameipitisha. Waambie wanafunzi wako waifuate kalamu, yaani waulize kila hatua ni nani aliyekuwa ameishika na ni nani aliyeipokea baada yake.

Tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilizunguka nchi kukusanya maoni, kisha likaitishwa kongamano la kitaifa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, lililoketi kwa vipindi tangu mwaka 2003 na kupitisha rasimu yake tarehe 15 Machi 2004. Rasimu hiyo, ambayo watu waliiita Rasimu ya Bomas, ilipunguza mamlaka ya Rais na kumpa Waziri Mkuu sehemu kubwa ya kazi ya kuendesha serikali. Upande wa serikali haukuridhika, na mawaziri kadhaa walitoka ukumbini kabla ya kazi kumalizika. Siku kumi baadaye, tarehe 25 Machi, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi iliyofunguliwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, ikasema kwamba Bunge lina uwezo wa kuirekebisha katiba lakini halina uwezo wa kuifuta na kuweka nyingine mahali pake, kwa kuwa uwezo huo ni wa wananchi wenyewe na hauna budi kutumika kwa njia ya kura. Kabla ya uamuzi huo, sheria haikuwa imedai kwamba kila Mkenya aulizwe. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wako tarehe moja ambayo mjadala huu wote umejengwa juu yake, waonyeshe hiyo.

Kati ya mahakama na sanduku la kura, hata hivyo, kalamu ilibadilisha mikono. Wabunge walikutana Kilifi katikati ya mwaka 2005, wakakubaliana juu ya mabadiliko, na Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, akaandaa hati ya mwisho, ambayo tangu hapo haikuitwa tena Rasimu ya Bomas bali Rasimu ya Wako. Waziri Mkuu alibaki humo kwa jina, lakini sasa akiteuliwa na Rais na kuwajibika kwake. Hiyo ndiyo hati iliyopigiwa kura tarehe 21 Novemba 2005, ndizi ikiwa alama ya wanaokubali na chungwa alama ya wanaokataa, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Chungwa lilipata takriban asilimia 58. Siku mbili baadaye Rais Mwai Kibaki alilivunja baraza lake lote la mawaziri, akiwaacha Makamu wa Rais na Mwanasheria Mkuu tu, na tunda lile, ambalo tume ya uchaguzi ililigawa kama alama tu, likawa jina la chama cha siasa ambacho kipo hadi leo.

Kwa hiyo sioni kwamba wananchi hawakuelewa. Wengi wao walikuwa wameifuatilia rasimu tangu Bomas na waliona ilipobadilishwa. Ni kweli pia kwamba wengi walipiga kura kwa kufuata viongozi wao na makabila yao, na ingekuwa si uaminifu kulificha hilo darasani; serikali ilikuwa imegawanyika ndani yake, na kura ikawa mizani ya kupima nguvu za mirengo miwili kabla ya uchaguzi wa 2007. Lakini serikali iliyoleta swali ilikubali jibu. Jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa, kwa sababu kama wasingekubali kushindwa mwaka 2005, nani angeamini sanduku la mwaka 2010?

Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,000, mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan yaliirudisha kazi ya katiba mezani. Safari hii sheria ya mwaka 2008 ilieleza hatua kwa hatua nani ashike kalamu na kwa muda gani: Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga ingeandika, wananchi wangetoa maoni, kamati teule ya Bunge ingependekeza mabadiliko, wataalamu wangeyapima, Bunge lingejadili, na Mwanasheria Mkuu angechapisha bila kugusa kiini. Ni kweli kwamba kamati ya Bunge iliyokutana Naivasha mnamo Januari 2010 iliondoa Waziri Mkuu na kuweka mfumo kamili wa urais, jambo lililowasikitisha waliokuwa na kumbukumbu ya Bomas, lakini kila mtu alijua lilifanywa lini na nani. Tarehe 4 Agosti 2010 waliosema Ndiyo walikuwa 6,092,593 na waliosema La walikuwa 2,795,059, na katiba ikazinduliwa Uhuru Park tarehe 27 ya mwezi huohuo.

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni mkazi wa viungani mwa Eldoret. Mwaka 2010 nilipiga kura ya La kwa sababu ya ibara mbili tu, nami nilizipenda ibara nyingine karibu zote. Jirani zangu waliniita adui wa katiba, na hata leo katika mazungumzo ya kifamilia najikuta nikijitetea. Kwa nini hatukupewa nafasi ya kupigia kura kila ibara peke yake?

Jibu: Ndugu msomaji, huhitaji kujitetea. Takriban watu milioni 2.8 walisema La, na katika Mkoa wa Bonde la Ufa, kama ulivyokuwa ukiitwa, ndio walikuwa wengi. Kura isiyoruhusu jibu la La bila kumchafulia mtu jina haina maana ya kuitwa kura.

Katiba ile ina ibara 264. Kungekuwa na maswali 264 kwenye karatasi, tungepata majibu 264 yasiyoshikana: watu wangeweza kulikubali Baraza la Seneti na kuzikataa kaunti ambazo Seneti imeundwa kuziwakilisha, au wakazikubali haki na kukataa mahakama za kuzilinda. Kwa sababu hiyo, karibu kila nchi iliyopitisha katiba mpya kwa kura imeuliza swali moja tu. Sababu hiyo nakubaliana nayo. Siwezi, lakini, kukuficha kwamba swali moja lina ukatili wake, kwani humlazimisha mtu ameze ibara anayoichukia ili apate anazozipenda, na wanasiasa wanajua hivyo vizuri sana wanapoamua nini kifungwe ndani ya mzigo mmoja na nini.

Ibara zako mbili, naamini, ndizo zilezile zilizowafanya viongozi wa makanisa mengi wasimame upande wa La pamoja na William Ruto na Rais mstaafu Daniel arap Moi: ibara ya 26 juu ya haki ya kuishi, na ibara ya 170 juu ya mahakama za Kadhi, ambayo msomaji mwingine ameiulizia hapa chini. Ibara ya 26 inasema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa na kwamba utoaji mimba hauruhusiwi, kisha inaweka vighairi: endapo mtaalamu wa afya aliyehitimu ataona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au endapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Makanisa yalisema kwamba vighairi hivyo, hasa neno “afya” na ile rejea ya sheria nyingine, viliufungua mlango ambao sentensi iliyotangulia ilikuwa imeufunga. Watetezi wa rasimu walijibu kwamba bila vighairi hivyo daktari angemtazama mama akifa. Ulikuwa mjadala wa kweli, wenye hoja pande zote mbili, na ulistahili kuendeshwa kwa utulivu kuliko ulivyoendeshwa. Milipuko iliyoua watu sita katika mkutano wa wapinzani wa rasimu Uhuru Park, tarehe 13 Juni 2010, ni doa ambalo washindi hawapendi kulikumbuka.

Mahali ambapo ibara moja moja ingeweza kubadilishwa palikuwa Bungeni, wala si kituoni kwa mpiga kura. Wabunge walileta mapendekezo takriban 150 ya marekebisho. Sheria ilidai kila pendekezo lipate kura 145 kati ya wabunge 222, na hakuna hata moja lililofikisha idadi hiyo. Tarehe 1 Aprili 2010 rasimu ilipita jinsi ilivyokuwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuandika chochote juu yake. Makanisa yaliendelea kuomba mabadiliko hadi siku za mwisho, na jibu walilopewa mara nyingi lilikuwa kwamba tupitishe kwanza kisha turekebishe baadaye.

Ahadi hiyo ya “baadaye” naiona ndiyo iliyokuwa sehemu dhaifu zaidi ya kampeni ya Ndiyo, japo mimi mwenyewe nilikuwa upande huo. Aliyesoma Sura ya 16 alijua kwamba kurekebisha kungekuwa kugumu kuliko kupitisha. Ibara ya 255 inaorodhesha mambo yasiyoguswa bila kura nyingine ya wananchi, nayo Sheria ya Haki, ambamo ibara ya 26 imo, ni miongoni mwayo. Na katika kura hiyo, pamoja na wingi wa kura nchini, angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa katika angalau nusu ya kaunti zote wanapaswa kujitokeza. Jaribio kubwa la kurekebisha lililofuata, lililojulikana kama BBI (Building Bridges Initiative, yaani Mpango wa Kujenga Madaraja), lilizuiwa na Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa mwaka 2021, na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022 ikashikilia kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Ugumu huo una faida yake. Waliosema La ndio walioahidiwa wepesi ambao haukuwepo.

Swali: Kwa Mhariri. Hapa Malindi mahakama za Kadhi tumezikuta, na babu zetu walizikuta. Kwa nini zilizusha zogo kubwa hivyo mwaka 2010 kana kwamba ni kitu kipya?

Jibu: Hazikuwa mpya, nawe umesema kweli. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Uingereza iliusimamia kwa mkataba wa mwaka 1895. Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, mawaziri wakuu wawili, Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Zanzibar, waliandikiana barua za makubaliano: ukanda huo ungekuwa sehemu ya Kenya, nayo serikali ya Kenya ingeendelea kuzilinda mahakama za Kadhi. Ahadi hiyo iliingizwa katika katiba ya uhuru na ikaendelea kuwemo katika kifungu cha 66 cha katiba ya zamani kwa miaka yote iliyofuata, bila zogo.

Zogo lililetwa na kitendo chenyewe cha kuandika upya. Katiba iliyorithiwa hakuna aliyeulizwa kama anaitaka, kwa hiyo hakuna aliyejiona amewajibika kwa kila lililomo. Lakini unapoambiwa upige kura, kila neno linakuwa lako, na lile ulilolivumilia kwa nusu karne unaanza kuuliza kwa nini lipo. Wachungaji kadhaa walikuwa wamefungua kesi tangu 2004, na tarehe 24 Mei 2010, kampeni zikiwa zimepamba moto, majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema kwamba kifungu cha 66 kilikwenda kinyume na kanuni ya kutenganisha dini na dola. Uamuzi huo haukuisimamisha kura. Wapiga kura walipoipitisha ibara ya 170, suala lilifungwa, kwa kuwa sasa mahakama hizo zina mamlaka yatokanayo na wananchi wenyewe na si na barua mbili za mwaka 1963. Mipaka yake ni hii: mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya watu ambao wote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda mbele ya Kadhi.

Swali: Ndugu Mhariri, shikamoo. Naandika kutoka Tanga. Bado ninayo nakala ya Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 niliyogawiwa kijijini, na kila uchaguzi ukikaribia nasikia tena habari za katiba mpya. Je, ile iliyopendekezwa bado ipo hai? Na kwa nini wenzetu wa Kenya waliweza, sisi tukakwama?

Jibu: Marahaba. Kisiasa ipo hai kwa maana kwamba haijawahi kukataliwa, wala kukubaliwa. Kisheria iko mahali pagumu, kwa sababu muda uliowekwa wa kuipigia kura ulikwisha pita, na kuifufua kutadai sheria yenyewe iguswe kwanza.

Tuanze na kwa nini ilihitajika. Katiba ya mwaka 1977 ilipitishwa tarehe 25 Aprili mwaka huo na Bunge Maalum lililoundwa na wabunge walewale, ikiwa imeandaliwa na kamati ya watu ishirini chini ya Thabit Kombo, kamati ileile iliyokuwa imeandaa katiba ya chama kipya cha CCM. Wananchi hawakuulizwa, na hakuna katiba ya Tanzania nzima waliyowahi kuulizwa kwa kura. Rais Jakaya Kikwete alipotangaza mwisho wa mwaka 2010 kwamba mchakato wa katiba mpya utaanza, wengi walitaka hasa mambo mawili: yaliyomo yabadilike, na safari hii wao wenyewe waseme neno la mwisho.

Tume ya Jaji Joseph Warioba ilianza kazi mwaka 2012. Ilitoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili Desemba mwaka huo, na pendekezo lililowagawa watu lilikuwa muungano wa serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Kulikuwa na mengine pia, kama vile wananchi kuwa na uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya muda kwisha, na mbunge kutozidi vipindi vitatu. Kisha rasimu ikaenda Dodoma, kwenye Bunge Maalum la Katiba lililoanza Februari 2014 chini ya Samuel Sitta, makamu wake akiwa Samia Suluhu Hassan. Wajumbe wake walikuwa wabunge wote, wawakilishi wote wa Zanzibar, na wengine 201 walioteuliwa na Rais.

Hapo ndipo kalamu ilipohama. Mjadala mkubwa ulikuwa kama Bunge hilo lina mamlaka ya kubadilisha kiini cha yale ambayo Tume iliyakusanya kwa wananchi, au kazi yake ni kuyanyoosha tu. Na kwa kuwa wajumbe wengi walikuwa wa chama tawala, ambacho msimamo wake ulikuwa serikali mbili, jibu la kwanza ndilo lililoshinda. Tarehe 16 Aprili 2014 vyama vya upinzani vilivyojiunga kwa jina la UKAWA vilitoka nje na havikurudi. Waliobaki walipiga kura, wengine kwa uwazi na wengine kwa siri, na tarehe 2 Oktoba ikatangazwa kwamba theluthi mbili zimepatikana kwa upande wa Bara na pia kwa upande wa Zanzibar, kama sheria ilivyotaka. Serikali tatu hazikuwemo tena, wala uwezo wa kumwondoa mbunge, wala ukomo wa vipindi vyake. Kitabu ulichogawiwa ndicho hicho.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Rais na viongozi wa vyama walikuwa wamekubaliana mjini Dodoma kwamba kura ya maoni isifanyike kabla ya uchaguzi mkuu wa 2015. Hata hivyo ilipangwa ifanyike tarehe 30 Aprili 2015, kisha tarehe 2 Aprili Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikaiahirisha kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine mpya za alama za vidole ulikuwa haujakamilika. Haikutajwa tarehe nyingine. Rais John Magufuli hakuipa katiba kipaumbele, na chini ya Rais Samia suala lilirudi kujadiliwa, kikiwemo kikosi kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kilichowasilisha mapendekezo yake Oktoba 2022, bila kura kufikiwa.

Kuhusu Kenya, sipendi ulinganisho unaosema wao walikuwa na ujasiri na ninyi hamkuwa nao. Kenya ilifika 2010 baada ya damu kumwagika, na hakuna anayemtamania jirani yake njia hiyo. Tofauti ninayoiona ni ya kiufundi zaidi. Kenya 2010 ilikuwa na viongozi wakuu wa pande mbili zilizopigana, Kibaki na Raila Odinga, wakiomba Ndiyo kwa pamoja, na sheria iliyowafungia wanasiasa mikono katika hatua za mwisho. Dodoma 2014 ilikuwa na upande mmoja ukumbini na mwingine nje. Sharti la kura pia ni gumu zaidi kwenu. Kenya ilitaka zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Tanzania inataka zaidi ya nusu Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake, ambayo ni haki kabisa katika muungano wa nchi mbili, lakini ina maana kwamba hati ambayo upande mmoja haukuridhika nayo haina pa kupitia. Nadhani hesabu hiyo, kuliko mashine za alama za vidole, ndiyo inayoeleza kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka ya kutaja tarehe nyingine.

Na si kwamba Watanzania hawajui kura ya namna hii. Tarehe 31 Julai 2010, siku nne kabla ya Wakenya kupiga yao, Wazanzibari walipiga kura ya maoni juu ya kuwa na serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 walikubali. Swali lilikuwa fupi na vyama viwili vikuu vilikuwa vimeafikiana kabla. Kitunze kitabu chako.

Swali: Nipo Doha kikazi tangu 2008. Wenzangu wa hapa wanabishana: Wakenya tulioko nje tuliruhusiwa kupiga kura mwaka 2010 au la?

Jibu: Hamkuruhusiwa. Ni katiba hiyohiyo, katika ibara ya 82, iliyoliagiza Bunge kutunga sheria ya kuwaandikisha hatua kwa hatua raia walioko nje. Mwaka 2013 haki hiyo ilianza kwa walioko katika nchi jirani za Afrika Mashariki, na Qatar iliingia kwenye orodha katika uchaguzi wa 2022. Wapo waliopata nafasi kabla yenu: mahakama maalumu ya migogoro ya katiba iliamua Juni 2010 kwamba wafungwa wana haki ya kuipigia kura rasimu, na kwa mara ya kwanza masanduku yalipelekwa magerezani.

Swali: Bwana Mhariri, marehemu baba yangu hapa Nakuru aliacha nakala mbili za rasimu ya 2010, zote za Kiingereza na zote za Mei mwaka huo. Mjomba wangu anasisitiza kwamba mojawapo ni “ile ya usalama”. Sielewi anamaanisha nini. Je, zinatofautiana?

Jibu: Mjomba wako ana kumbukumbu nzuri. Rasimu ilichapishwa rasmi tarehe 6 Mei 2010, baada ya Bunge kumaliza na wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuongeza hata nukta. Punde ikagundulika kwamba katika baadhi ya nakala zilizotoka kwa mpigachapa wa serikali kulikuwa na maneno mawili ambayo hayakuwa katika hati iliyopitishwa, maneno ya Kiingereza yenye maana ya usalama wa taifa, yaliyopachikwa katika Sheria ya Haki mahali panapoeleza ni kwa sababu gani haki inaweza kuwekewa mipaka. Yangebaki, serikali ingepata kisingizio kipana cha kubana karibu haki yoyote. Kelele zilipigwa, polisi wakaanza uchunguzi, na nakala sahihi zikatolewa kabla ya kampeni kufika mbali.

Fungua nakala zote mbili kwenye ibara ya 24, uzisome mstari kwa mstari zikiwa kando kwa kando. Ikiwa moja inataja usalama wa taifa na nyingine haiutaji, usizitenganishe, na usiruhusu mtu aziazime.